Maji Huondoka, Chumvi Hubaki

Desemba iliyopita nilikwenda Iringa kwenye msiba nikidhani nitarudi baada ya siku nne. Nilirudi siku ya tisa. Nilipofungua mlango wa nyumba yangu, Tabata, nilisikia kabla sijaona: filta ya tangi la samaki ilikuwa inanguruma kavu, kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Maji yalikuwa yameshuka zaidi ya sentimita nne. Umeme ulikatika nikiwa safarini, na uliporudi, filta ile ya kutundika ukingoni ilishindwa kuyavuta tena kutoka chini kiasi hicho.

Kwa haraka na huruma nikakinga ndoo bombani, ikakaribia kujaa lita 20, nikaimimina yote. Samaki watatu walikufa kabla ya alfajiri. Ni samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, wale wanaoishi na kulea watoto wao ndani ya magamba matupu ya konokono. Dume mzima hafiki urefu wa kidole cha mtu mzima. Walivumilia siku tisa za maji kupungua, wakashindwa na dakika moja ya maji kuongezwa.

Tangu siku ile nimejifunza kuyajazia maji bila mkono wangu, kidogo kidogo, usiku na mchana. Si kazi ya mhandisi. Ila ina mambo mawili matatu ambayo mtu akiyapuuza, atalowanisha zulia au atazika samaki.

Tuanze na kinachotoka. Maji ya tangi yanapogeuka mvuke, yanaondoka peke yake. Chumvi, chokaa na uchafu ulioyeyuka havipandi hewani, vinabaki ndani ya maji yaliyosalia. Ule mstari mweupe unaouona kwenye kioo, pale maji yalipokuwa wiki iliyopita, ni ndugu wa ukoko mweupe wa ndani ya birika. Mashamba ya chumvi ya Kunduchi na Bagamoyo yanaishi kwa kanuni hiyo hiyo: unaingiza maji ya bahari, unaliachia jua, unakusanya kilichobaki. Ziwa Natron na jirani yake Magadi, upande wa Kenya, yanapokea maji lakini hayana mto unaoyatoa. Jua limechukua maji kwa maelfu ya miaka na kuacha magadi, mengi kiasi kwamba kampuni imekuwa ikiyachimba pale Magadi tangu 1911. Ndani ya maji yale anaishi samaki mdogo wa jamii ya perege ambaye mwili wake hutoa urea badala ya amonia kama samaki wengi, kwa kuwa katika maji ya namna ile amonia haitoki mwilini kwa urahisi. Yeye amejaliwa hivyo. Samaki wa sebuleni kwako hakujaliwa.

Anayefuga samaki wa baharini ana sababu kubwa zaidi ya kuhangaika. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi lenye lita 184 likipoteza lita 20 tu, chumvi hiyo inapanda hadi gramu 39. Ukirudisha lita 20 zote kwa mkupuo, inashuka ghafla. Samaki anapigwa mara mbili.

Kabla ya kununua chochote, pima. Tangi langu lina urefu wa sentimita 100 na upana wa sentimita 40, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita nne. Bandika kipande cha tepu kwenye kioo sawa na uso wa maji jioni, usiongeze kitu, angalia kesho yake saa ile ile. Kwangu maji hushuka nusu sentimita, yaani lita mbili kwa siku. Msimu wa kaskazi, Dar es Salaam inapochemka, wengi wetu huelekeza feni kwenye uso wa maji ili kuyapoza, na feni inapoza kwa njia hiyo hiyo ya kuyafukuza maji. Kila lita inayoondoka hubeba joto jingi, zaidi ya nusu uniti ya umeme. Basi mwenye feni asishangae tangi lake likinywa maradufu. Mfuniko wa kioo hupunguza sana upotevu huo, lakini pia huzuia upoaji. Kati ya Desemba na Machi mimi huchagua feni, na ndiyo maana nahitaji mtambo.

Mtambo rahisi kuliko yote wafugaji wa kuku wanao tayari. Ni chombo cha kunyweshea vifaranga: chupa iliyojazwa maji na kupinduliwa, mdomo wake ukiwa umezama kidogo. Maji ya nje yakishuka chini ya mdomo, kiputo cha hewa kinaingia na maji yanatoka. Yakipanda na kuufunika mdomo, hewa inazibwa na kila kitu kinatulia. Hakuna umeme, hakuna kinachozunguka. Mzigo wote umebebwa na kanieneo ya hewa, ambayo inaweza kushikilia nguzo ya maji ya karibu mita 10, sembuse chupa. Niliutumia kwa miezi miwili na ninaupendekeza kwa anayeanza, kwa masharti matatu. Chupa iwe ngumu, isiyobonyea. Mdomo uwe mpana, kwa sababu tundu jembamba hushikilia maji na kukataa kuachia kiputo. Na isikae karibu na dirisha: jua la saa nane likiipasha hewa iliyo juu ndani ya chupa, hewa inatanuka na kusukuma maji nje hata kama tangi halikuyahitaji.

Wako wanaotumia mpira wa dripu wa duka la dawa. Hesabu yake inavutia: kwa dripu ya kawaida, matone 20 ni mililita moja, kwa hiyo lita mbili kwa siku ni kama matone 28 kwa dakika. Lakini dripu haijui maji yako yamefika wapi. Siku ya mvua, tangi hupoteza kidogo na dripu inaendelea kudondosha vile vile. Ni msaada kwa mtu aliye nyumbani, si mlinzi wa kuachiwa nyumba.

Mlinzi ni boya. Kila mwenye simtanki au choo cha kuvuta analijua: maji yakishuka boya linashuka na kufungua, yakipanda linainuka na kufunga. Wazo hili ni la kale sana. Wale ndugu watatu wa Baghdad waitwao Banu Musa waliandika katika karne ya 9 kitabu cha mitambo ya ajabu ambamo maboya ya kufunga na kufungua maji yanatumika. Kwa tangi la samaki usichukue boya la choo, ni kubwa mno. Tafuta lile dogo la inchi robo linalotumika kwenye mashine za kusafisha maji ya kunywa. Linafungwa ukingoni mwa tangi, linaunganishwa kwa mpira mwembamba na ndoo iliyoinuliwa juu ya kabati, na maji yanashuka kwa uzito wake.

Aina ya pili ya boya ni ya umeme, na ndiyo niliyo nayo sasa. Ndani ya boya kuna sumaku. Ndani ya kijiti linachopandia kuna swichi ndogo iliyofungwa kwenye bomba la kioo. Boya likishuka, sumaku inazigusanisha ncha mbili, na pampu ndogo ya volti 12 inasukuma maji kutoka kwenye ndoo iliyo sakafuni. Nimeweka maboya mawili, moja chini la kuwasha na la pili sentimita mbili juu yake la kukata umeme iwapo la kwanza limenasa. Na kunasa litanasa. Konokono hupenda kupanda pale, na kwenye tangi la bahari chumvi huganda kwenye kijiti. Nimelizungushia kipande cha bomba la plastiki nililotoboa matundu, na kila Jumapili ninalisukuma juu na chini kwa kidole.

Kuhusu umeme, sharti ni moja: volti 12, kamwe si 230, kwa kitu chochote kinachogusa maji haya. Na waya kabla ya kufika kwenye soketi uachwe ulegee chini yake, ili tone linalotembea juu ya waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi.

Mpira wa maji nao una hila. Ndoo ikiwa juu ya tangi, pampu inaweza kuzimwa na maji yakaendelea kuvutana hadi ndoo ikauke. Ndoo ikiwa chini na ncha ya mpira imezama tangini, mvuto unageuka, maji ya tangi yanarudi kwenye ndoo na kumwagikia sakafuni. Kwa hiyo kwa mtambo wa pampu, ndoo iwe chini na ncha ya mpira ining'inie hewani, juu ya maji. Sauti ya maji yakidondoka utaizoea.

Fundi bomba wa mtaani kwetu alipouona mtambo wangu alinishauri kwa nia njema: "Kaka, ndoo ya nini? Tuunge moja kwa moja na simtanki, wewe usahau." Simtanki yangu ni ya lita 1,000. Kila kifaa nilichokitaja hapa, cha bei rahisi au ghali, siku moja kitakwama. Boya likikwama likiwa wazi, lita 1,000 zitapita sebuleni, na kabla ya hapo zitakuwa zimeyageuza kabisa maji ya samaki. Nilimshukuru, nikakataa. Kwa maoni yangu, sehemu ya mtambo inayostahili kufikiriwa kuliko zote ni ukubwa wa ndoo.

Halafu kuna swali la maji gani. Kwa kuwa kinachoondoka ni maji matupu, kinachorudi kiwe karibu na maji matupu. Sehemu nyingi za Dar es Salaam visima vina chumvi, na ukijazia tangi kwa maji ya kisima unaongeza chumvi juu ya chumvi. Maji ya bomba yana klorini: yakae siku nzima kwenye chombo kipana kilicho wazi, au yatiwe dawa ya kuiondoa. Mimi hutumia maji ya mvua. Mvua ya kwanza naiacha ioshe mabati na vumbi, nakinga ya baadaye. Mtu asishawishike na maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Yanaonekana safi, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba, na shaba huua kamba na konokono wa tangini.

Ndoo ya akiba ifunikwe, tundu la mpira tu libaki. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji yaliyotulia ndani ya nyumba, na jiji hili limeonja milipuko ya homa hiyo, 2014 na 2019.

Na kujazia si kubadilisha. Boya litakuonyesha maji yaliyofika mstarini kila siku, huku nitreti ya kinyesi na mabaki ya chakula ikipanda bila kuonekana. Ziwa Tanganyika lenyewe hupoteza maji yake mengi kwa mvuke, na machache tu hutoka kwa mto Lukuga kwenda Kongo. Ndiyo maana maji yake ni magumu. Ziwa lilichukua muda mrefu sana kufika hapo na samaki wake walibadilika pamoja nalo. Tangi lisilobadilishwa maji linafika pabaya kwa miezi michache. Kila Jumapili mimi hutoa lita 35 na kurudisha mapya, mtambo ukiwa umezimwa ili usiyadhani ni upungufu.

Ukimaliza kufunga, usisafiri kwanza. Kaa nao siku tano ukiwa nyumbani. Siku ya sita shikilia boya chini kwa mkono, na kama ni mawili yote mawili, mpaka ndoo iishe, uone kama maji yanafika ukingoni. Kwenye tangi langu, lenye nafasi ya sentimita nne juu ya maji, ndoo ya lita 10 hupandisha sentimita mbili na nusu na hakuna tone linalomwagika. Ndoo ya lita 20 ingepandisha tano. Nunua ya lita 10.