Sosiete inayokomaa mbio: ni kazi ya namna gani?



Kisha kolasio, swali la nyumbani ni moja: "Utatumika wapi?" Kwa wazazi wetu, kazi muzuri ni ile iko na matrikile, biro na mukubwa anayejulikana. Lakini wengi kati yetu, zaidi wa informatike, wanaota kitu kingine: kuingia ku sosiete ya teknolojia, ile leo iko na watu kumi, kesho elfu moja. Tunaona picha za biro zenye kung'aa na vijana wenye kuvaa jinzi. Ndani kuko nini? Tuangalie sosiete tatu za Marekani ambazo kila mumoja wetu anazibeba ndani ya simu.

1. Watu kidogo, muzigo mukubwa

Jan Koum na Brian Acton, wote wawili waliotoka Yahoo, walianzisha WhatsApp mwaka wa 2009. Mwezi wa 2 mwaka wa 2014, Facebook ilitangaza kama inainunua kwa dola miliari 19. Wakati ule WhatsApp ilikuwa na wafanyakazi 55 tu, na kati yao mainjenia 32. Watu waliokuwa wanaitumia kila mwezi walikuwa milioni 450. Gawanya: kila injenia alibeba watu milioni 14. Ni sawa vile kumupatia mutu mumoja simu za muji muzima kama Kinshasa.

Ile njo utamu wa kazi hii. Kijana anapewa muzigo ambao ku sosiete ya zamani angeungojea miaka kumi. Leo anaandika programu, kesho mamilioni wanaitumia.

Na njo uchungu wake pia. Siku tatu kisha lile tangazo, WhatsApp ilikwama masaa kama tatu na dunia nzima ikaona. Kitu kikivunjika saa nane ya usiku, lazima mutu aamuke. Ku sosiete za namna hii watu wanafanya zamu: juma hili simu ya hatari iko kwako, na unalala nayo karibu na kichwa.

2. Juu ya nini kila kitu kinabadilika

Fanya hesabu kidogo. Watu watano wakikaa ku meza moja, kila mumoja akisemezana na kila mwenzake, njia za kusemezana ni 10. Wakiwa hamsini, njia zinakuwa 1,225. Kwa hiyo, kile kilichofaa mukiwa watano kinavunjika mukiwa hamsini. Hakuna tena mutu anayejua yote. Hapo mikutano inaanza, raporo zinaanza, na wakubwa wa katikati wanaingia.

Google, iliyoanza mwaka wa 1998, ilijaribu kukatala. Mwaka wa 2001, Larry Page aliondoa wasimamizi waliokuwa kati yake na mainjenia, sababu aliona wanachelewesha kazi. Haikufaa. Mainjenia wenyewe walikosa mutu wa kuwaongoza na wa kukata maneno yakitokea. Wasimamizi wakarudia. Mwisho wa mwaka wa 2004, Google ilikuwa imepita wafanyakazi 3,000. Watu kama hao huwezi kuwaongoza kwa kupiga kelele toka ku kiti chako.

Sasa wewe, muko ndani. Kazi waliyokuangaje kwa ajili yake itakatwa vipande tano, na vine vitapewa wapya. Pengine mupya mwenyewe atawekwa juu yako. Wengi wanaumia hapa, sababu wameshika kazi yao sawa vile kiwanja cha babu. Wale wanaofaulu wanafanya tofauti: wanaandika ginsi kazi inafanyika, wanamufundisha mupya, kisha wanaenda kushika shida ingine.

Hili njo jambo ambalo masomo yetu hayatutayarishi. Tulifundishwa kutafuta fasi. Kule hawakupe fasi, wanakupa shida ya kumaliza. Shida ikiisha, na fasi imeisha.

3. Feza ya leo na feza ya pengine

Mara mingi sosiete changa hailipi kwa mushahara tu. Inakupa pia hisa, ni kusema kipande cha sosiete. Desturi inayojulikana zaidi ni ya miaka 4: hisa zinakuwa zako pole pole, na ukitoka mbele ya kumaliza mwaka wa kwanza, hupati hata moja. Sosiete ikifanikiwa sawa WhatsApp, unaweza kujenga nyumba kwa familia nzima. Ikikufa, uko na kartasi. Na zile zinazokufa ni nyingi kuliko zile tunazosikia. Kwa hiyo uliza kwanza: mushahara peke yake unanikalisha? Hisa uzihesabu kama bahati.

4. Mbio inaweza kugeuka

Facebook, ambayo inaitwa Meta tangu mwaka wa 2021, iliangaje watu wengi sana wakati wa Covid. Mwezi wa 11 mwaka wa 2022 ikafukuza zaidi ya 11,000. Mark Zuckerberg alikubali mwenyewe kwamba alikosea: alifikiri kukomaa kwa wakati ule kutaendelea. Mwaka uliofuata ikatangaza kuondoa wengine 10,000. Wengi walikuwa wafanyakazi wazuri. Kosa lao halikuwa kazi yao. Hesabu ya juu njo ilikuwa mbaya.

Basi, tuache ile ndoto? Hapana. Hata sosiete ndogo ya watu sita hapa kwetu, ikianza kukomaa, itapitia njia ileile. Lakini mbele ya kutia sinyatire, uliza maneno tatu. Feza ya mushahara inatoka kwa wateja, ao kwa watu waliokopesha matumaini? Mutu aliyeingia mwaka uliopita anafanya leo kazi gani? Na nikitoka kesho, nitakuwa nimejua kitu gani ambacho leo sikijui?

Hilo la tatu njo kubwa. Baba akikuuliza matrikile yako iko wapi, hutakuwa na namba ya kumuonyesha. Utamuonyesha kile mikono yako inajua. Ukiona kama ile sosiete haitaongeza kitu ku mikono yako, hata ikomae mbio namna gani, iache ipite.