Msuli Ukikaza, Daktari Huandika Nini?

Ni nani kati ya wacheza mpira asiyejua maumivu ya shavu la mguu likikaza ghafula? Mwenzako hukunyosha mguu, akausukuma wayo juu, na punde unarudi uwanjani. Lakini ukipelekwa hospitali, jambo hilo sharti lipewe jina, na katika nchi nyingi jina hilo huandikwa pia kwa herufi na tarakimu.

Desturi hii ilianza kwa kuhesabu wafu. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon alitoa orodha ya sababu za vifo, ili mataifa yahesabu kwa namna moja. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilishika kazi hiyo, na orodha ikaingiza maradhi na majeraha ya walio hai. Toleo la 11 lilianza tarehe 1 Januari 2022, ila nchi nyingi zingali zinatumia lile la 10.

Katika toleo hilo la 10, kukaza kwa msuli ambako asili yake haijulikani ni R25.2. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Basi R ni herufi ya mawingu, yaani dalili tu. Kama msuli umekaza kwa ajili ya joto kali, ni T67.2. Wamarekani nao wameongeza namba zao wenyewe: mgongo ni M62.830, shavu la mguu M62.831, na mahali pengine M62.838. Uchambuzi huu si wa bure, maana kule bima hulipa kwa kutazama namba, na namba isiyopatana na matibabu yaweza kuzuia malipo.

Yamkini mtu atasema hayo ni mambo ya makarani. Sivyo hata kidogo. Pepopunda nayo hukaza misuli, kwanza ya taya, kisha shingo na mgongo, nayo huua. Namba yake ni A35, na kwa mtoto mchanga ni A33. Daktari aliyechoka akiandika R25.2, huenda mgonjwa akatibiwa sawasawa, lakini mwisho wa mwaka wakuu wa afya wanaofungua daftari ili wajue chanjo ipelekwe wapi hawataiona pepopunda ya wilaya ile. Wataona watu waliokazwa na misuli.