Ukivaa mtungi, usizuie pumzi

Sisi tuliolelewa Kipevu tulijua kupiga mbizi kabla hatujajua kusoma. Unajaza pumzi kifuani, unafumba mdomo, unazama, na anayekaa chini zaidi ndiye bingwa wa siku hiyo. Mimi nilikuwa bingwa mara nyingi. Kwa hivyo nilipokwenda kujifunza kuzama na mtungi wa hewa, nikiwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, nilijua cheti nitapewa kabla ya wenzangu wote.

Siku ya pili mwalimu alinitoa majini kwa ukali. Tulikuwa kwenye bwawa la kuogelea, kina cha mita tatu hivi. Maji yaliniingia kwenye miwani, nikababaika, nikafanya lile nililolifanya tangu utotoni: nikabana pumzi na kujirusha juu. Alinidaka mguu, akanigonga kifua mpaka nikatoa hewa. Tulipoibuka akaniuliza, "Wataka kufa bwawani?" Nilidhani anakuza mambo. Hakuwa akikuza.

Naandika haya kwa sababu mpwa wangu ameanza kuitamani kazi ya uzamiaji, na si yeye peke yake. Vijana wa Changamwe na Likoni wanaona wenzao wakisafisha meli kwa chini au wakiongoza watalii. Wapo pia wanaopewa mtungi na mwenye chombo, wakaonyeshwa kwa dakika tano namna ya kupumua, kisha wakashushwa kutafuta jongoo bahari au kamba. Hao ndio ninaowahofia, maana wengi ni wazamiaji hodari wa pumzi, na uhodari huo ndio mtego wenyewe.

Maji ni mazito, nayo hubana hewa. Ukishuka mita 10, mbano ni mara mbili ya ule wa juu. Mita 20, mara tatu. Mita 30, mara nne. Mzamiaji wa pumzi huichukua hewa yake juu. Akishuka inabanwa, akipanda inarudi palepale ilipokuwa. Haiwezi kuzidi kifua chake. Lakini mwenye mtungi anavuta hewa akiwa kule kule chini, ikiwa tayari imebanwa. Pumzi moja iliyovutwa kwenye mita 10 inataka nafasi mara mbili ikifika juu. Ukifumba mdomo ukapanda nayo, haina pa kwenda ila kupasua mapafu na kuingia kwenye damu. Mita moja na kitu tu inatosha kuleta madhara. Ndiyo maana kanuni ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, ni kupumua mfululizo, taratibu, bila kusita. Kikikutoka kile cha kupumulia mdomoni, toa vipovu kidogo kidogo huku ukikitafuta.

Masikio nayo yanafuata sheria hiyo hiyo. Bana pua, pulizia kwa upole mpaka usikie yamefunguka, na ufanye hivyo tangu mita ya kwanza, usingoje maumivu. Yakikataa, panda kidogo ujaribu tena. Yakiendelea kukataa, siku hiyo imekwisha. Ukiwa na mafua kaa nyumbani. Najua umelipa pesa, lakini kaa nyumbani.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana haraka. Hewa tunayopumua ina naitrojeni nyingi, na chini ya mbano inazama ndani ya mwili. Ukipanda upesi inatoka kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa: vipovu kwenye viungo, uti wa mgongo, hata ubongo. Kuna watu wamepooza hivyo. Panda polepole, karibu mita 9 kwa dakika, na usimame kwenye mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kuibuka. Na hapa nasema na watu wa kwetu hasa, tunaokaa karibu na stesheni ya Miritini: usizame asubuhi ukapanda Madaraka jioni. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kwa mwili wako kupanda ni kupanda, iwe kwa ndege, gari au treni. Ngoja angalau saa 18, na ukiweza, siku nzima.

Wengi twakumbuka 29 Septemba 2019, gari lilipotumbukia kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni likiwa na mama na bintiye. Zilipita siku 13 kabla hawajatolewa, na watu walisimama ufuoni wakiwalaumu wazamiaji kwa kukawia. Gari lilikuwa kwenye kina cha karibu mita 58. Cheti cha kwanza cha kuzama kinakuruhusu mita 18. Mzamiaji wa kujifurahisha, hata akibobea, hatakiwi kupita 40. Kule chini ni giza, mkondo una nguvu, na dakika chache za kazi zinadai muda mrefu wa kupanda.

Kwa hivyo usije ukajifunzia hapa kwetu. Kipevu ni maji ya bandari, matope na meli za mafuta. Anza bwawani, kisha nenda ndani ya mwamba, upande wa Nyali na Bamburi, kwenye hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1986. Msimu wa kaskazi maji hutulia na kuonyesha. Kusi ikivuma utaona mkono wako tu. Chagua siku za maji mafu, si bamvua. Ile meli ya Dania iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 upande wa Bamburi usiiguse mpaka uzoefu wako utoshe.

Kabla ya kulipa, uliza. Mwalimu ana cheti cha kufundisha? Wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja? Mtungi ulikaguliwa lini? Chumba cha kutibu maradhi ya mbano kilicho karibu ki wapi, na kinafanya kazi? Ukiwa na pumu, kifafa au maradhi ya moyo, anza kwa daktari. Akikuharakisha bila kukuuliza habari za afya yako, chukua viatu vyako uondoke. Gharama ni kubwa, sikatai, na inaniuma kuona vijana wa hapa wakibeba mitungi miaka kumi bila mtu kuwafundisha kuivaa. Lakini dakika tano za bure kwenye mashua si mafunzo.

Mpwa wangu nilimpeleka bwawani Jumamosi iliyopita. "Mjomba, mimi maji nshayazoea," akaniambia njiani. Nikamwambia ashuke mita mbili apumue tu, asifanye kingine. Dakika ya kwanza alibana pumzi mara nne. Nilikuwa nikihesabu vipovu.