Kalamu ya Mtu wa Granada

Mtu akishuka na mto Tana kutoka Garsen, akayapita mashamba ya mpunga, miembe na migomba ya Chara, kisha akaendelea mpaka mahali maji matamu yanapokutana na maji ya chumvi, atatokea kwenye bahari pana iitwayo Ghuba ya Ungwana. Ghuba hiyo imepitiwa na vyombo vingi tangu zamani, na vingi havikuacha habari yoyote. Lakini kimoja kilichopita katika mwaka 1331, kikitoka Mogadishu kuelekea Mombasa, kilimchukua abiria ambaye kumbukumbu zake husomwa hata leo. Abiria huyo ni Ibn Battuta, Mmoroko wa mji wa Tangier, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 30.

Habari zake zajulikana na wengi. Alizaliwa mwaka 1304, akaondoka kwao mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji Makka, na safari hiyo moja ikazaa nyingine kumi. Alifika Uajemi, Yemeni, nchi za Waturuki, Bara Hindi alikokuwa kadhi wa Delhi, visiwa vya Maldivi, hata Uchina. Husemwa kwamba jumla ya mwendo wake yapita maili 70,000, na yote hayo kwa jahazi, ngamia, farasi na miguu.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Hata hivyo usiku huo ulimtosha kuona mengi. Alikumbuka ndizi na ndimu. Alikumbuka tunda lifananalo na zeituni, lenye kokwa na utamu mwingi, alilolitaja kwa jina la jamuni, ambalo wengi hulidhani kuwa ni zambarau. Alikumbuka misikiti iliyojengwa kwa miti kwa ustadi, na visima mlangoni mwa misikiti, na kata ya mti yenye mpini wa dhiraa moja ya kutekea maji, na watu wakitawadha miguu yao kabla ya kuingia. Tena alieleza kwamba watu wa kisiwa hicho hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka nchi ya Sawahil, mwendo wa siku mbili baharini.

Hapo ndipo mkulima wa Chara atakapopenda kusimama kidogo. Nafaka hiyo ilitoka katika shamba la nani? Ibn Battuta hakusema. Alipokuwa akipita, mji wa Ungwana, ambao magofu yake yako karibu na Kipini, ulikuwa tayari mji wenye watu na msikiti wake. Wachimbaji wa mambo ya kale, miongoni mwao James Kirkman aliyetoa kitabu chake juu ya mji huo mwaka 1966, waliona humo vigae vya kaure ya Kichina. Lakini chombo hakikutia nanga mlangoni mwa mto, na kwa hiyo mlango wa Tana hauna hata mstari mmoja katika kitabu. Mombasa ilipata usiku mmoja, na usiku huo mmoja umewapa wanachuoni kazi ya karne nyingi. Hayo ndiyo mambo ya wasafiri: mahali walipokula panakumbukwa, na mahali walipopita wamelala panapotea.

Tena yapasa ikumbukwe kwamba Ibn Battuta hakuwa na daftari mkononi alipoyasimulia hayo. Yeye mwenyewe alieleza kwamba maandiko aliyoyanakili mjini Bukhara yalipotea aliponyang'anywa mali baharini huko Bara Hindi. Habari za Mombasa alizisimulia yapata miaka 24 baada ya kuondoka. Mpini wa kata ya kisimani ulikaa moyoni mwake muda wote huo!

Sasa ni nani aliyeziandika? Hilo halijulikani sana katika pwani hii, na ndilo linaloifikisha habari hii Uhispania.

Ibn Battuta alirudi Moroko mwaka 1349. Njiani alipata habari kwamba mama yake amekufa kwa tauni, ule ugonjwa mkuu uliokuwa ukiwamaliza watu wa nchi nyingi miaka hiyo. Alizuru kaburi lake Tangier, na baada ya muda mfupi akavuka ule mlango mwembamba wa bahari mpaka Andalusia, yaani sehemu ya kusini ya Uhispania, ambayo sehemu yake wakati huo ilikuwa bado chini ya sultani Mwislamu wa Granada. Nia yake ilikuwa kusaidia ulinzi wa Gibraltar, ngome iliyokuwa imezingirwa na Mfalme Alfonso wa 11 wa Castilla. Lakini mnamo Machi 1350 mfalme huyo akafa kwa tauni iyo hiyo katika kambi yake, mazingiwa yakaondolewa, na mpiganaji akageuka kuwa mtalii.

Utalii wenyewe haukuwa wa raha. Kati ya Marbella na Malaga alikusudia kufuatana na kundi la wapanda farasi 12, nao wakamtangulia kidogo. Alipowafuata alikuta farasi amekufa njiani, na kikapu cha samaki kimemwagika. Maadui walikuwa wameshuka pwani kutoka majahazi yao, wakawakamata wale wasafiri. Mmoja aliuawa, mmoja akaokoka, waliobaki wakawa mateka. Alilala usiku huo ngomeni. Na alipofika Malaga alimkuta kadhi ameketi katika msikiti mkuu pamoja na wanavyuoni, wakikusanya fedha za kuwakomboa mateka hao hao.

Lakini ulimi wa msafiri hausahau. Malaga aliikumbuka kwa zabibu zake za bei rahisi, makomamanga yenye rangi ya yakuti, tini na lozi zilizopelekwa nchi za mbali, vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi ya dhahabu, na ua wa msikiti wenye michungwa mirefu. Kisha akapanda Granada, akaona mto Genil na bustani zilizouzunguka mji kwa maili nyingi. Sultani Yusuf wa kwanza alikuwa mgonjwa, asionane naye. Lakini mama yake Sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu.

Huko Granada aliona pia jambo dogo ambalo lastahili kuzingatiwa kuliko dinari. Aliwakuta madarweshi wa Kiajemi na wa nchi nyingine za mbali, mmoja wa Samarkand, mwingine wa Tabriz, mwingine wa Konya, hata wa Bara Hindi, wamefanya maskani yao pale. Sababu iliyowaweka ni kwamba nchi ile ilifanana na kwao. Watu waliotembea nusu ya dunia walitua mahali palipowakumbusha mahali walipozaliwa!

Katika bustani moja ya mjini humo, alipokaa mgeni kwa siku mbili na usiku mmoja, alikuwapo kijana mmoja mwenye elimu aitwaye Ibn Juzayy, mzaliwa wa Granada, mwaka 1321, katika nyumba ya wanavyuoni. Kijana huyo alimsikiliza msafiri kwa shauku, akaandika majina ya watu mashuhuri aliokutana nao. Huenda wote wawili walidhani ya kuwa hawataonana tena.

Walionana. Ibn Juzayy alikosana na sultani wake, akaiacha Granada, akavuka bahari na kuwa katibu wa Sultani Abu Inan mjini Fez. Naye Ibn Battuta, baada ya kuvuka jangwa la Sahara na kuiona nchi ya Mali katika miaka ya 1352 na 1353, aliitwa Fez na Sultani huyo huyo, akaamriwa asimulie yote aliyoyaona tangu ujana wake. Katibu aliyechaguliwa kuyaandika ni yule kijana wa bustanini. Masimulizi yakakamilika mwezi wa Desemba 1355.

Kwa hiyo maneno yote juu ya ndizi za Mombasa, na juu ya wali uliopikwa kwa samli walioulisha Mogadishu, yalipita katika kalamu ya mtu wa Granada aliye ugenini. Kitabu kinaonyesha hivyo. Mahali pengine katibu hufanya kazi yake kwa adabu, naye hukaa kimya. Mara nyingine huongeza mashairi, na kwa habari za Makka na Damasko alinyakua mengi katika kitabu cha msafiri wa kale, Ibn Jubayr, naye pia mtu wa Uhispania. Lakini masimulizi yafikapo Granada katibu hawezi kujizuia. Anaingia katikati ya maneno ya mwenzake, kwa jina lake mwenyewe, kueleza kuwa angeisifu Granada kwa kirefu kama asingeogopa kutuhumiwa kuupendelea mji wake. Na kwamba mji wenye sifa zilizokwisha kuenea hauhitaji maneno mengi. 

Mtu aliyezunguka dunia alipita Granada kama alivyopita miji mingine mia. Hakuna dalili kwamba alitamani kuirudia. Aliyetamani ni yule aliyeketi na wino, aliyekuwa akisikia makomamanga ya Malaga yakisimuliwa na mgeni, na ambaye kutoka Fez mpaka kwao palikuwa na mwendo wa siku chache tu kwa nchi na bahari.

Watu wa Tana hawahitaji kufundishwa hali hiyo. Wengi wa Chara na Ozi wametoka kutafuta kazi Lamu, Malindi na Mombasa, na husikia habari za nyumbani kwa mdomo wa mpita njia. Tena wao wana shida ambayo Ibn Juzayy hakuwa nayo: mto wenyewe hauketi. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuiunganisha Tana na mto Ozi, na maji yakaelekea Kipini, yakiuacha mlango wa zamani. Mafuriko ya mwaka 1961, ya 1997 na ya 2018 yalihamisha watu na mashamba. Mwaka mwingine maji ya bahari hupanda mtoni na kuunguza mpunga. Mtu aliyekaa mbali miaka 30 aweza kurudi akalikuta jina la kijiji pale pale, na mkondo wa mto umehama. Granada angalau ilikaa mahali pake.

Sultani Yusuf, ambaye katibu alikosana naye, aliuawa na mtu mwenye wazimu siku ya Idi, mwezi wa Oktoba 1354, akiwa katika sala. Basi kitabu kilipokwisha mwaka uliofuata, yule aliyekuwa sababu ya safari ya Ibn Juzayy hakuwapo tena duniani. Lakini katibu hakupata nafasi ya kurudi. Alifariki mjini Fez muda mfupi baada ya kuweka kalamu chini, naye hajafikia miaka 40. Ibn Battuta aliishi miaka mingine zaidi ya kumi, akiwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko.

Mwaka 1359 Sultani mpya wa Granada, Muhammad wa tano, mwana wa Yusuf, alipinduliwa na ndugu zake, akakimbilia mji ule ule wa Fez. Alikaa ugenini karibu miaka mitatu. Kisha alivuka bahari akarudi kwao, na mwaka 1362 akakalia tena kiti chake, na sehemu kubwa ya jumba la Alhambra ambalo wageni huenda kulitazama leo ni kazi ya miaka yake baada ya kurudi.