Maji Yakiingia Nyumbani: Tuchukue Nini, Tuache Nini?



Katika mkutano wa tawi letu moja la mabondeni palizuka mabishano. Mzee mmoja aliuliza: maji yakija usiku, nami nina magunia matatu ya karafuu chumbani, niyatoe kwanza au nifunge mlango niende zangu? Waliomjibu walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na lake. Basi tumeona yafaa tuliandike jambo hili kabla ya masika, maana si swali la mzaha. Mwezi wa Mei 2017 mvua kubwa ilileta mafuriko Unguja na Pemba, na wapo miongoni mwetu waliotoka na nguo walizovaa tu.

Twaanza na magunia, kwa kuwa ndiyo yanayotufunga miguu. Karafuu kwetu ni benki. Mtu huchuma, huanika, huuza nusu, na nusu huiweka ndani kwa ajili ya harusi, skuli za watoto au siku ya maradhi. Hatumlaumu mtu kwa hilo. Hata sisi tunaoandika tumesomeshwa kwa gunia lililokuwa chini ya kitanda. Lakini gunia lililojaa halibebeki na mtu aliyeshika mtoto, na maji yaendayo kwa kasi, hata kina chake kikiwa sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima.

Mwanachama wetu mmoja aliwatoa watu wake salama, kisha akarudi kuchukua gunia la pili. Ukuta ukamwangukia. Nyumba za miti na udongo zina hatari hii: udongo ukisha kulowa, ukuta waweza kusimama saa nyingi kama mzima, kisha ukaanguka hata baada ya mvua kukatika. Bwana yule alipona, walakini mguu wake haukurudi kama ulivyokuwa, na tangu hapo hukodi watu wa kumpandia mikarafuu yake. Hesabu ya gunia lile ifanyeni wenyewe.

Kwa hiyo jibu letu kwa yule mzee ni hili: usiku wa maji, magunia yaache. Kazi yake ni ya mapema. Karafuu uliyokusudia kuiuza, ipeleke kituoni kabla ya Machi. Unayotaka kuiweka, ipandishe juu ya uchaga ulio imara, au umwekeshe ndugu mwenye nyumba ya mlimani, na mwandikiane mbele ya shahidi. Kuandikiana na ndugu si kumtuhumu.

Tena gunia lililolowa mvua halijapotea lote. Jua likitoka, anika upesi juu ya jamvi safi, mbali na karafuu kavu. Ikikaa gunia zima hupata joto na ukungu, na harufu yake huharibika. Kosa kubwa ni kuchanganya mbichi na kavu ili kuficha, kwani huharibika zote mbili. Ama ile iliyolala katika maji yaliyopita vyooni, hiyo itupwe. Twajua inauma.

Sasa vya kuchukua. Cha kwanza baada ya watu ni karatasi. Hati ya eka tatu, hati ya shamba la urithi, mapatano ya kukodi mikarafuu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho, risiti za mauzo. Gunia huchumwa tena msimu ujao, lakini hati iliyooza huleta kesi, na shahidi aliyejua mpaka wa shamba huenda amekwisha kufariki. Tieni zote katika mfuko mmoja wa nailoni uliofungwa vizuri, nao uwe mahali pamoja siku zote, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tano aweza kupashika gizani. Aliye na simu ya picha azipige picha na kumpelekea jamaa aliye mbali.

Pamoja na mfuko huo zende dawa za wagonjwa, hasa wa sukari na presha, na fedha na dhahabu ya mama wa nyumba. Hapa waume tuwe wasikivu: yeye ndiye ajuaye kilipo kila kitu, nasi mara nyingi hutafuta kibiriti robo saa. Msahafu uwekwe juu tangu mwanzo wa masika, asirudi mtu ndani kwa ajili yake. Cherehani, redio na magodoro ni vya kupandishwa juu nafasi ikiwapo, si vya kubebwa.

Mbuzi na ng'ombe wafungueni kamba. Mnyama aliyefunguliwa hujitafutia mwinuko, na aliyefungwa hufa pale pale.

Miche ya vitalu iacheni. Tufani ya Aprili 1872 iliing'oa mikarafuu mingi mno ya Unguja, na watu wakapanda upya wakangoja miaka hata ikazaa.

Ofisi itapokea nakala za hati za wanachama kila Jumatano asubuhi hadi masika yaanze, na kuzihifadhi katika sanduku la chuma lililo ghorofani. Njooni na nakala, hati yenyewe ibaki kwenu.