Darasa zima kwenye flashi: kujenga Linux ya shule za Katavi

Maabara ya kompyuta ya shule iliyo mbali na Mpanda mjini, tuseme Karema au Inyonga, mara nyingi huwa na mashine za kila umri. Moja diski imekufa, nyingine imejaa virusi. Kuzihudumia moja moja hula muda, na kupakua programu kwa bando la simu hula fedha. Dawa yake ni mfumo wa Linux unaowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, uliojengwa mara moja kwa mahitaji ya darasa lenyewe.

Mfumo wa namna hii huitwa mfumo hai. Klaus Knopper wa Ujerumani aliupa umaarufu kwa Knoppix, iliyotoka mwaka 2000. Katika mfumo hai tutakaoujenga hapa, faili zote hubanwa ndani ya faili moja la squashfs lisiloandikika. Kila badiliko analofanya mwanafunzi hukaa kwenye RAM, na mashine ikizimwa hutoweka. Hapo ndipo mkoa wa Katavi unaponufaika. Mpanda iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli za shirika la umeme la TANESCO, na watu wake wanajua umeme unavyoweza kukatika ghafla. Kompyuta ya kawaida ikizimika katikati ya kuandika diski, mfumo unaweza kuharibika. Mfumo hai hauandiki juu yake wenyewe, hivyo huwaka tena ukiwa mzima.

Kazi ya ujenzi hufanywa na programu ya live-build ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, kwenye mashine moja yenye intaneti nzuri. Ndani ya folda tupu, andika `lb config --distribution bookworm`. Hiyo ni Debian 12, ya mwaka 2023. Kama una mashine za biti 32, baki nayo na uchague i386, kwa sababu Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kiini cha mfumo kwa kompyuta hizo.

Sasa tengeneza orodha yako ya programu kwenye `config/package-lists/shule.list.chroot`: mazingira ya XFCE, ambayo ni mepesi kwa mashine zenye RAM ndogo, LibreOffice, michezo ya kujifunzia ya GCompris kwa watoto, na Kiwix ya kusomea Wikipedia bila intaneti. Masomo na picha za ukutani ziweke kwenye `config/includes.chroot`. Ongeza pia `locales=sw_TZ.UTF-8` na `timezone=Africa/Dar_es_Salaam` kwenye maelekezo ya kuwashia. Sehemu zilizotafsiriwa zitaonekana kwa Kiswahili. Kazi hiyo ya tafsiri ina mizizi yake hapa nyumbani: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Amri ya `sudo lb build` hupakua kila kitu na kukupa faili la ISO. Vilivyopakuliwa hubaki kwenye folda ya `cache`, hivyo ukirekebisha na kujenga upya, hulipii data ile ile mara ya pili. Kabla ya kujenga upya, tumia `lb clean` bila `--purge`, kwani `--purge` hufuta hata akiba hiyo.

Kabla ya kuandika ISO kwenye flashi kwa amri ya `dd`, hakikisha jina la flashi kwa `lsblk`. Ukikosea, unaweza kufuta diski nzima ya kompyuta yako. Kwa kuwa mabadiliko hutoweka mashine ikizimwa, kazi za wanafunzi zihifadhiwe kwenye sehemu ya pili ya flashi: iwe ya ext4, ipewe jina la `persistence`, ndani yake kuwe na faili `persistence.conf` lenye `/home`, na neno `persistence` liwepo kwenye maelekezo ya kuwashia. Usiweke nywila za shule ndani ya ISO, maana yeyote mwenye flashi anaweza kuzisoma.

Ukishamaliza, tunza folda ya `config` kuliko ISO. Ukiondoa masomo na picha, ni maandishi matupu yanayotosha kwenye barua pepe, na humwonyesha mwalimu mwingine kila kilichowekwa. Mwalimu wa Sitalike akiipokea, ataongeza somo lake na kuondoa asichohitaji. Halmashauri zetu zikiwa na mtaalamu mmoja mmoja wa kuitunza folda hiyo, shule haitasubiri fundi kutoka mbali kila mashine inapougua. Ujuzi wa kuitengeneza utakuwa ndani ya mkoa.