Safari ya Ndege Toka Nairobi Hata London

Mzazi mwenye mwana aendaye masomoni Uingereza hupata habari kwamba ndege itaondoka Nairobi saa tano na nusu ya usiku, nayo itafika London saa kumi na moja na nusu alfajiri. Huhesabu kwa vidole, akapata saa sita. Basi alfajiri hiyo ikipita, naye hajapata neno la salama, moyo humwenda mbio, akadhani ndege imepatwa na msiba. Kumbe wakati ule mwanawe yu hewani bado, amelala kitini.

Neno la kufahamu ni hili: saa zilizoandikwa katika cheti cha safari ni saa za mahali penyewe. Jua hutokea kwetu kabla ya kutokea kwao, na kwa hiyo wakati wa baridi ya Ulaya saa za Nairobi hutangulia za London kwa saa tatu. Wakati wa joto Waingereza husogeza saa zao mbele, tofauti ikawa saa mbili tu. Mzazi yule angaliongeza zile saa tatu angalipata saa tisa, nao ndio muda wa kweli wa safari.

Je, saa tisa hizo zatoka wapi? Chukueni tufe la shuleni, mnyoshe uzi toka Nairobi hata London. Mkiupima mtapata maili 4,250 hivi, yaani kilometa 6,840. Ndege kubwa za siku hizi hukata kilometa 900 hivi kwa saa moja. Mwanafunzi akigawanya atapata saa saba na nusu na kidogo, aulize ile saa nyingine imekwenda wapi. Imekwenda penginepo. Ndege hutambaa chini kabla ya kuruka, hupanda taratibu kwa kuwa imejaa mafuta, na mara nyingi huzungushwa juu ya London ikingoja zamu ya kutua. Upepo wa mbele nao huirudisha nyuma. Tena rubani hawezi kuufuata uzi wetu sawasawa. Vita vilipozuka Sudani mwezi wa Aprili 2023, anga ya nchi ile ilifungwa, na ndege nyingi zikalazimika kuizunguka, zikichoma mafuta zaidi.

Wazee wetu wangalicheka kusikia mtu akinung'unikia saa moja. Mwaka 1931, barua za kwanza za ndege toka London hata Mwanza zilikaa njiani siku kumi hivi. Ndege zile hazikusafiri usiku, zilitua mara nyingi kutia mafuta, na kati ya Alexandria na Cairo mizigo ilipakiwa katika gari la moshi! Mwaka 1952 ndege ya Comet, isiyo na rafadha, ilitoka London hata Johannesburg kwa muda wa siku moja hivi, ikitua Entebbe njiani.

Na wakati wa kurudi hesabu hugeuka. Mwana akiondoka London saa nne asubuhi katika majira ya baridi, akasafiri saa nane na nusu, msimngoje kiwanjani Nairobi saa kumi na mbili na nusu jioni. Ongezeni zile saa tatu: atatua saa tatu na nusu ya usiku, na huenda mizigo ikamkawiza saa nzima tena.